Mcheza kwao hutunzwa, na aliyecheza kwetu je?

Mombasa ilikuwa lango la muziki wa jazi wa Afrika Mashariki. Wapigaji walikuja, wakatutumbuiza, wakaondoka au wakafia hapa. Je, tumewatunza?

UKIBAHATIKA kufungua sanduku la santuri katika nyumba ya zamani kisiwani Mombasa, iwe Majengo, Makadara au Mji wa Kale, hutakosa kukutana na neno moja: "Jazz". Utasoma Morogoro Jazz, Western Jazz, Jamhuri Jazz, NUTA Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz. Kijana wa leo ambaye amesikia jazi ya Wamarekani kwenye simu yake ataichukua santuri hiyo kwa hamu, na akiipiga atashangaa. Hasikii piano inayotangatanga wala saksafoni inayolia peke yake dakika tano. Badala yake anasikia magitaa matatu yakizungumza, sauti za waimbaji wawili zikipokezana, na Kiswahili kitamu cha mapenzi, mawaidha na dhiki za dunia.

"Lakini hii si jazi!" atasema. Msomaji, kabla hujamkubalia au kumbishia, hebu tuifuate safari ya neno hili. Ni safari ya bahari, ya vita na ya mipaka, na sehemu yake kubwa inapita katika kisiwa chetu.

NENO LILIVYOFIKA

Jazi ilizaliwa na watu weusi wa New Orleans, mji wa bandari huko kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Santuri ya kwanza ya muziki huo ilitoka mwaka 1917, na waliorekodi, ajabu ya mambo, walikuwa bendi ya wazungu iliyojiita Original Dixieland Jass Band. Tangu mwanzo, basi, kulikuwa na swali la nani aliyetunga na nani aliyevuna. Swali hilo likumbuke, kwa maana tutalirudia.

Wakati huo pwani yetu haikuwa imelala. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa Lamu na Mombasa walikwisha kuanzisha ngoma ya beni. Jina lenyewe limetokana na "bendi" ya Kiingereza. Walivaa sare, wakapanga safu kama askari, wakapuliza tarumbeta na kupiga ngoma kubwa. Hapa Mombasa kulikuwa na vyama viwili hasimu, Kingi na Skochi, kila kimoja kikitaka kumzidi mwenzake kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za mafumbo. Vita Vikuu vya Kwanza viliibeba beni mpaka Tanganyika, na ikafika hata Nyasa na Kongo.

Kwa hiyo mtu wa pwani hakungoja kufundishwa kuchanganya ala za kigeni na maneno yake mwenyewe. Alikwisha kuufanya mchezo huo, tena kwa ushindani.

Kisha ikaja gramafoni. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilianza kuuza barani Afrika santuri za Cuba zilizotiwa alama ya GV. Watu wa bandari za Afrika walizisikia rumba hizo na kutambua kitu cha nyumbani, kwani midundo ile ilipelekwa Cuba na Waafrika waliouzwa utumwani. Ilikuwa kama mtoto aliyepotea amerudi akiwa amevaa suti. Dar es Salaam tayari kulikuwa na bendi iliyojiita Dar es Salaam Jazz, iliyoundwa mwaka 1932. Neno "jazz" lilishaanza kuwa na maana yake ya huku: bendi ya dansi, ya kisasa, yenye ala za kizungu.

Maana hiyo ndiyo iliyodumu. Bendi ilipojiita "Jazz" haikuwa ikidai kupiga kama Louis Armstrong. Ilikuwa ikiwaambia watu: sisi si ngoma ya kijijini, sisi ni watu wa mjini, njooni mcheze.

VITA VIKALETA MAGITAA

Vita Vikuu vya Pili viliongeza kasi. Wapigaji wa Kenya na Uganda waliandikishwa katika jeshi la King's African Rifles ili kuwatumbuiza askari. Vita vilipokwisha waliendelea pamoja kwa jina la Rhino Band, ambayo ilivuma kote Kenya mpaka ilipogawanyika mwaka 1948, na baadhi ya wapigaji wake wakaunda Kiko Kids.

Katika kizazi hicho yumo mwana wa pwani, Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924. Vita vilimfikisha hadi Burma akiwa mtumbuizaji. Aliporudi alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulipiga gitaa la umeme, na nyimbo zake kama "Majengo Siendi Tena" na "Mama Sowera" zilipendwa na wazee wetu. Wenzake wa pwani, Paul Mwachupa na Lucas Tututu, walikuwa nao wakitikisa majumba ya dansi. Fundi Konde alifariki mwaka 2000.

Sikiliza santuri zao ukipata nafasi. Magitaa ni ya taratibu, sauti ni za upole, na kila neno lasikika. Ni muziki wa watu waliotaka kucheza wakiwa wameshikana mikono na bado waielewe hadithi.

WALIOVUKA MPAKA

Sasa tufike palipo na utamu. Kwa nini santuri nyingi za "Jazz" katika masanduku ya Mombasa ni za Watanzania?

Jibu lina pande mbili. Tanzania ilikuwa na bendi nyingi mno. Baada ya uhuru, vyama na mashirika ya umma yalianzisha bendi na kuwaajiri wapigaji kwa mshahara. NUTA Jazz, kwa mfano, iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Redio ya taifa iliwarekodi na kuwatangaza. Kasoro ilikuwa moja: Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Aliyetaka wimbo wake uuzwe dukani ilimbidi atazame kaskazini, Kenya, palipokuwa na studio, viwanda na wafanyabiashara.

Na mtu wa Tanga anayetazama Kenya anaona nini kwanza? Mombasa. Lugha ni moja, chakula ni kimoja, na huenda ana shangazi Kibokoni.

Wana wa Kinyonga ndio mfano bora. Wilson Peter Kinyonga na nduguye George walikuwa wapigaji wa Jamhuri Jazz ya Tanga. Mwaka 1970 walikwenda Arusha wakaunda Arusha Jazz. Mwaka 1971 walivuka mpaka wakaja Mombasa, na hapa ndipo walipojipa jina jipya: Simba Wanyika, yaani simba wa nyika. Angalia, msomaji, kwamba hapo ndipo neno "Jazz" lilipodondoka. Walifika kisiwani wakiwa Jazz, wakaondoka wakiwa simba.

Walipiga Mombasa kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1975 wakahamia Nairobi. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wao walijitenga wakaunda Les Wanyika, na mwaka uliofuata ukatoka wimbo "Sina Makosa". Nani asiyeujua? Umepigwa arusini, garini, baani, na hata leo mpiga gitaa chipukizi akitaka kujipima huanza na wimbo huo. George Kinyonga alifariki mwaka 1992, na Wilson akamfuata mwaka 1995. Kwa kuondoka kwake, Simba Wanyika ilikwisha.

Mwingine ni Mbaraka Mwinshehe, ambaye wengi humtaja kuwa mpiga gitaa hodari kuliko wote waliopata kutokea Tanzania. Alizaliwa mwaka 1944. Akiwa na Morogoro Jazz alifika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1970. Mwaka 1973 aliunda bendi yake, Super Volcano. Umaarufu wake nchini Kenya ulikuwa sawa na ule wa kwao, na safari zake za huku hazikuwa chache. Safari ya mwisho ilimfikisha Mombasa. Mwezi wa Januari 1979 alipata ajali ya gari hapa Mombasa, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 34. Wimbo wake "Shida" ulivuma ajabu, na uchungu wake ulizidi kwa wale waliousikia ilhali mwenyewe amekwisha kuzikwa kwao Tanzania.

Si wageni tu waliotoka katika kisiwa hiki. Ndugu wa familia ya Harrison waliunda Them Mushrooms hapa Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakipiga katika hoteli za ufuoni. Mwaka 1982 Teddy Kalanda Harrison alitunga "Jambo Bwana". Wimbo huo ulichukuliwa na kundi la Boney M lililokuwa na makao yake Ujerumani, ukarekodiwa na bendi nyingine kadhaa, na hivi leo mtalii anaweza kuuimba kabla ndege haijatua. Mwaka 1987 Them Mushrooms nao walihamia Nairobi.

Umeona mtindo? Mombasa hulea, Nairobi huvuna.

JAZI ILIYOKUWA MJI WA KALE

Kuna jambo jingine ambalo husahauliwa. Moyo wa jazi ya Wamarekani ni kubuni papo hapo. Mpigaji hupewa njia ya wimbo, kisha huiacha, akazunguka kwa akili yake, na kurejea akiwa na kitu kipya. Je, sanaa hiyo haikuwepo pwani?

Ilikuwepo, tena palepale penye vichochoro vya Mji wa Kale, lakini haikuitwa jazi. Iliitwa taksimu. Kabla ya wimbo wa taarabu kuanza, mpiga udi hucheza peke yake, bila mdundo, akitafuta njia ndani ya makamu aliyoichagua. Hakuna aliyemwandikia. Akikosea, wasikilizaji wajuzi wanajua. Akipatia, utasikia mtu akiguna kwa raha. Bingwa wa sanaa hiyo alikuwa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya makao yake Mombasa hadi alipofariki mwaka 2016.

Wenzake walikuwa na ujasiri wa namna nyingine. Matano Juma na kundi lake la Morning Star waliingiza kodiani na kinanda cha umeme katika taarabu. Zuhura Swaleh aliimba akifuatwa na tashkota, ile ala ya Kijapani yenye vidonge kama vya taipu, ikikimbizana na midundo ya chakacha. Maulidi Juma na Juma Bhalo walichukua tuni za sinema za Kihindi wakazivisha mashairi ya Kimvita. Nyimbo hizo ziliuzwa kwa santuri na baadaye kwa kanda. Kampuni ya Assanand ya hapa Mombasa ilizitoa kwa chapa yake ya Mzuri, na duka la Mbwana Radio Service la Mji wa Kale lilijulikana na kila mpenzi wa taarabu.

Bendi ya dansi upande mmoja, taarabu upande wa pili, na kati yake vijana wa kisiwa waliosikiliza zote mbili. Mji mdogo, masikio makubwa.

DENMARK WALIFANYA NINI?

Sasa, msomaji, nikuvushe bahari kidogo, halafu tutarudi. Kuna nchi ndogo ya Ulaya iitwayo Denmark. Watu wake wote ni kama milioni 6 tu. Haikuzalisha jazi, wala hakuna aliyeitarajia iwe na neno katika muziki huo. Lakini mwaka 1959 ilifunguliwa klabu katika mji mkuu wake, Copenhagen, iliyoitwa Jazzhus Montmartre. Wapigaji weusi wa Marekani, waliochoshwa na ubaguzi na uhaba wa kazi kwao, walianza kumiminika. Mpuliza saksafoni Dexter Gordon aliishi huko miaka mingi. Mwenzake, Ben Webster, alihamia huko na akazikwa huko baada ya kufariki mwaka 1973.

Vijana wa Kidenmark walikaa miguuni pa wageni hao wakajifunza. Mmoja wa wana wa mji huo, John Tchicai, ambaye mama yake alikuwa Mdenmark na baba yake Mkongo, alikwenda Marekani na mwaka 1965 akapuliza saksafoni katika santuri ya "Ascension" ya John Coltrane, gwiji wa magwiji. Damu ya Kongo, malezi ya Copenhagen, jukwaa la New York!

Lakini linalonigusa zaidi ni walivyofanya baadaye. Copenhagen leo ina barabara yenye jina la Ben Webster na nyingine yenye jina la Dexter Gordon. Mfuko wa Ben Webster, ulioanzishwa mwaka 1976, hukusanya malipo yatokanayo na muziki wake na kuyatumia kuendeleza jazi. Kwa maneno mengine, mgeni aliyekufa angali anawasomesha watoto wa wenyeji wake.

Tulinganishe. Copenhagen ni bandari, Mombasa ni bandari. Wao walipokea wapigaji wenye shida, sisi tulipokea. Wao walifurahi, sisi tulifurahi. Tofauti ilikuja muziki ulipozima. Mtoto wako akikwambia, "Baba, nionyeshe mahali Simba Wanyika walipoanzia," utampeleka wapi? Akiuliza ni wapi Mombasa inapomkumbuka Mbaraka, utamwonyesha nini?

Ngome ya Yesu iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011, na ni haki yake. Lakini jiwe lina subira. Limesimama tangu mwaka 1593 na litatungoja. Sauti haina subira. Mzee akifa na kanda ikiota ukungu, imekwisha.

JINA LISIPOANDIKWA

Huenda ukasema kuwa haya ni mambo ya kumbukumbu tu. La hasha, ni mambo ya mkate pia. Tazama wimbo "Malaika". Fadhili William, aliyezaliwa Taita mwaka 1938, aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akaupeleka duniani, na wengine wengi wakaurudia. Hata hivyo, ubishi kuhusu aliyeutunga haujaisha. Wako wanaomtaja Adam Salim wa Tanzania, na wako wanaomtaja Lucas Tututu tuliyemtaja hapo juu. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi ukabaki. Yote hayo ni kwa sababu enzi hizo kijana alitunga, akaimba, akalipwa mara moja, akaenda zake. Karatasi haikuandikwa.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba haki ya mtunzi hudumu uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hesabu hiyo, mtunzi aliyefariki mwaka 1979 angali na haki kwa warithi wake hadi mwisho wa 2029. Haki ya santuri yenyewe hudumu miaka 50 tangu irekodiwe, na nyingi za miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 zimekwisha muda wake. Saa inakwenda. Wazungu wameliona hilo: kampuni ya Ufaransa, Buda Musique, imekwisha kutoa mkusanyo wa taarabu ya Mombasa ya miaka ya 1965 hadi 1975. Tunawashukuru kwa kuihifadhi. Lakini ni aibu ikiwa mjukuu wa Mombasa ataagiza sauti ya jirani ya babu yake kutoka Paris.

LA KUFANYA NYUMBANI

Hatuna haja ya kungoja serikali. Yako mambo ambayo familia yaweza kuyafanya juma hili:

Kwanza, ziokoe santuri. Zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine, na uziweke mbali na dirisha la jua, kwani joto huzipinda. Zile nzito za zamani za mwendo wa 78 huvunjika kama sahani, basi zishike kwa mikono miwili.

Pili, kanda zina adui mkubwa hapa pwani: unyevu wa bahari. Ziweke pakavu. Kabla ya kucheza kanda iliyokaa miaka, izungushe mbele mpaka mwisho na uirudishe nyuma, ili utepe usinase. Ukiona ukungu mweupe, usiicheze. Itafutie fundi.

Tatu, andika. Jina la mwimbaji, la mpiga solo, la mpiga besi, na mwaka. Kwenye santuri mara nyingi kuna jina la bendi na la mtunzi tu. Aliyepiga ridhimu anajulikana na bibi yako, aliyecheza usiku ule.

Nne, ninyi wanafunzi, kazi hii ni yenu. Simu mliyo nayo mfukoni ni studio. Mketisheni mzee, mpigieni wimbo mmoja, kisha mnyamaze. Mwulizeni: mlicheza wapi? Kiingilio kilikuwa pesa ngapi? Nani alikuwa jukwaani? Msimkatize. Wimbo mmoja hufungua milango kumi.

Na wakuu wa kaunti, ikiwa gazeti hili limewafikia, kibao kimoja ukutani hakiwezi kuifilisi Mombasa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema lolote juu ya aliyeacha kwao akaja kucheza kwetu, labda kwa kuwa walidhani ukarimu wa mwenyeji ungetosha. Mbaraka alitoka Morogoro, wana wa Kinyonga walitoka Tanga, Zein alitoka Lamu. Wote walitupa usiku wao. Tuwape angalau majina yao.